Kutoka Pistoni Hadi Turbini: Sekunde Thelathini za Kuwasha na Chumvi ya Mombasa

Mwenye Cessna 206 au Bonanza, ndege ndogo za pistoni, pale uwanja wa Moi wa Mombasa au Ukunda akianza kuzungumzia turbopropu, yaani ndege ya propela inayozungushwa na turbini, neno la kwanza huwa ni kasi. La pili ni mafuta, maana avgas, petroli ya ndege za pistoni, ni ya kutafutwa kwa simu kabla ya safari, ilhali Jet A-1, mafuta ya turbini, ipo kwenye viwanja vikubwa vya abiria. Yote mawili ni kweli. Lakini ukiketi na mafundi wanaozifungua injini hizi, kasi hawaitaji hata kidogo. Wao huuliza inawashwa vipi, na inaoshwa mara ngapi.

Injini ya pistoni huharibika polepole na hupiga kelele mapema: inatetemeka, inakunywa oili, silinda moja inapoteza kompresheni, na rubani anapata wiki kadhaa za kunung'unika kabla hajafika kwa fundi. Turbini haina adabu hiyo. Itakwenda saa elfu tatu bila kukohoa, halafu kosa la sekunde nne asubuhi moja likala pesa za fleti nzima ya Nyali.

Nafuu iliyopo ni kwamba elimu yake ni moja. Caravan ya Cessna, PC-12 ya Pilatus, TBM ya Daher, M500 na M600 za Piper, King Air za Beechcraft, zote zinatumia PT6 ya Pratt & Whitney Canada, injini iliyoingia sokoni miaka ya 1960 na hadi leo inatengenezwa. Nguvu zinatofautiana: farasi 500 kwenye M500, 675 kwenye Grand Caravan yenye PT6A-114A, 1,200 kwenye PC-12. Umbo ni lile lile. Hewa inaingia upande wa nyuma wa injini, kompresa inaisukuma kuelekea mbele, inachomwa, na moshi unatokea karibu na propela. Ndiyo sababu ya yale masizi ubavuni mwa pua. Ndani kuna mihimili miwili isiyoshikana. Wa kwanza umebeba kompresa pamoja na turbini inayoiendesha. Mwendo wake unasomwa kama Ng, na asilimia 100 ni takriban mizunguko 37,500 kwa dakika. Wa pili umebeba turbini ya nguvu, nayo kupitia giaboksi inazungusha propela, 1,900 kwa dakika kwenye Caravan. Kati ya mihimili hiyo hakuna chuma, ni upepo wa moto tu. Staata kwa hiyo haizungushi propela kama ulivyozoea. Inazungusha kompresa peke yake, na propela inajiunga ikishapata upepo wa kutosha.

Mixture, ule mkono wa kurekebisha uwiano wa mafuta na hewa, haipo. Geji unazoishi nazo ni tatu: Ng, torki (nguvu ya kuzungusha propela) na ITT, yaani joto la gesi kati ya turbini mbili. Mkono wa mafuta kwenye Caravan una nafasi tatu tu: kukata, idle (mwendo wa kupumua) ya chini, Ng ikiwa asilimia 52, na idle ya juu, Ng ikiwa asilimia 65. Anayeushika mkono huo akidhani ni mixture ya kuvutavuta kidogo kidogo atajikuta ameizima injini angani.

Kuwasha

Tuchukue Grand Caravan yenye PT6A-114A, kwa kuwa ndiyo turbini ambayo rubani wa Pwani atakutana nayo kwanza. Kazi inaanza kabla hujaingia ndani: elekeza pua kwenye upepo. Mombasa hilo halihitaji kubahatisha. Msimu wa kaskazi upepo unatoka kaskazini-mashariki, msimu wa kusi unatoka kusini na kusini-mashariki, na nahodha yeyote wa jahazi atakuambia ni upi unavuma leo. Upepo wa mkiani unazuia moshi kutoka, gesi ya moto inarundikana kwenye turbini, na ITT inapanda bila kosa lolote la mkono wako.

Ukishakaa, soma volti za betri. Kitabu cha ndege kinataka 24 au zaidi. Mkono wa nguvu uwe idle, wa propela mbele kabisa, wa mafuta umekatwa, na ule wa nne, mkono wa dharura wa mafuta, uwe kwenye NORMAL. Huo wa nne usiupite kwa jicho moja tu, ushike kwa vidole. Kazi yake ni kukwepa kidhibiti cha mafuta kinapokufa angani. Ukiwasha injini ukiwa umesogezwa, mafuta yanamiminika bila kipimo na sehemu ya moto inaungua hapo hapo.

Fungua selekta zote mbili za mafuta, washa pampu ya umeme, kisha staata. Taa ya ignisheni iwake, presha ya oili ianze kupanda, Ng ipande. Hapa ndipo mkono wa rubani wa pistoni unapowasha moto. Sharti la kitabu ni Ng ya asilimia 12, na iwe imetulia. Maana yake ni kusubiri hadi sindano iache kupanda, hata kama imeshaipita 12, kwa sababu betri nzuri itaifikisha juu zaidi na kila asilimia ya ziada ni hewa ya bure. Hewa hiyo ndiyo baridi yenu. Katika turbini ni robo hivi tu ya hewa inayochomwa. Iliyobaki inazunguka kuta za chumba cha moto na kuzuia chuma kisiyeyuke. Ukitia mafuta Ng ikiwa 8, moto upo, baridi haipo.

Ng ikitulia, sogeza mkono wa mafuta hadi idle ya chini. Mtiririko wa mafuta uonyeshe pauni 80 hadi 110 kwa saa. ITT ipande ndani ya sekunde 10. Kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, na hapo unaruhusiwa sekunde 2 pekee. Uwashaji wenye afya hauisogelei namba hiyo. Jicho lisibanduke kwenye ITT hadi Ng ifike 52. Hapo ndipo unapozima staata, na jenereta inafuata.

Sasa mambo yakiharibika. ITT inakimbilia kikomo, au sekunde 10 zimepita na haijapanda, au Ng imekwama kwenye 40 na joto linaendelea kujongea: kata mafuta, *acha staata izunguke*. Sentensi hiyo ndiyo ya kurudiwa kitandani, bafuni na kwenye matatu. Miaka yako yote ya pistoni imekufundisha kuachia ufunguo kitu kikienda mrama. Kwenye turbini ukiachia staata, upepo unasimama na moto unabaki ndani umefungiwa na vibapa vya chuma, yaani mapanga madogo ya turbini. Staata ikiendelea kuzunguka bila mafuta, inapuliza moto utoke na kupoza kilichobaki. Pengine betri italalamika, lakini betri bei yake inajulikana.

Staata nayo ina ratiba. Kwa betri ya ndege: sekunde 30, pumzika 60, sekunde 30 tena, pumzika 60, sekunde 30 za tatu, kisha dakika 30 nzima za kukaa kivulini. Ukitumia umeme wa nje ni sekunde 20 na mapumziko marefu zaidi. Kiwango cha umeme huo kipimwe kabla ya kuunganishwa, kwa sababu mashine inayozimika katikati ya kuwasha ni mbaya kuliko betri dhaifu uliyoijua tangu mwanzo.

Hatari kubwa zaidi kwa ndege ya Pwani ni kituo kifupi. Umetua Malindi, abiria anashuka, mwingine anapanda, dakika kumi umerudi kitini. Injini bado ina joto la safari iliyopita, betri haijajaa tena baada ya kuwasha kwa kwanza, na jua la saa nane liko juu ya bati. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vikikutana, ITT inaanza safari kutoka ngazi ya juu. Heri kuizungusha kwanza bila mafuta hadi joto lishuke, upumzishe staata kama ratiba inavyotaka, ndipo uwashe.

Joto likivuka kikomo, andika namba ya juu kabisa na sekunde ilizokaa. Kitabu cha injini kina jedwali la hayo mawili, na jedwali ndilo linaloamua kama unaendelea, unaikagua, au unaipeleka karakana. Rubani anayefuta au kupunguza namba anamwachia mwenzake bomu. Ndege za karibuni zimeondoa sehemu ya mzigo huu: PC-12 NGX iliyotangazwa 2019 na TBM 960 ya 2022 zina kidhibiti cha kielektroniki kinachoiongoza injini yenyewe wakati wa kuwasha. Ni jambo la kulipia ukiwa na uwezo. Wengi wetu tutanunua ndege iliyokuwepo kabla ya hapo.

Kuzima kuna subira yake pia: dakika moja kwenye idle hadi ITT itulie chini, propela iingizwe kwenye fetha (mapanga yake yakae sambamba na upepo), kisha mafuta yakatwe. Oili ipimwe mapema baada ya kuzima, ikiwa bado ya moto. Ukiipima kesho asubuhi, sehemu ya oili imeshateremka ndani ya injini, geji inasema imepungua, unaongeza isivyohitajika, na unapoiwasha inatemwa nje hadi kwenye kioo. Na usichanganye chapa. Iliyoanza na Mobil Jet Oil II ibaki nayo.

Torki hapa, ITT kule Wilson

Kwenye pistoni ya kawaida unasukuma throttle hadi ukutani, na injini inakupa ilichonacho. Njia ya kurukia ya uwanja wa Moi iko karibu futi 200 tu juu ya bahari, hewa ni nzito, na PT6 hapo ina nguvu kuliko giaboksi yake inavyoruhusiwa kubeba. Ukisukuma mkono hadi mwisho umepita kikomo cha torki, ambacho kwenye Caravan hii ni futi-pauni 1,865. Kwa hiyo unaweka torki kwa macho, ukibakiza nafasi kidogo, kwa sababu kasi ikiongezeka barabarani hewa inajisukuma yenyewe ndani na torki inapanda bila mkono wako kusogea.

Wilson, uwanja wa Nairobi ulio karibu futi 5,500, mambo yanageuka. Hewa ni nyepesi, na mchana wa joto ITT inaweza kukufikia kabla ya torki. Kikomo cha kuruka ni nyuzi 805, cha kupanda 765, na cha mwendo wa kawaida 740. Kimsingi unafuata kile kitakachogusa ukuta kwanza, na kila uwanja una ukuta wake. Anayeruka Mombasa asubuhi na Wilson mchana kwa kumbukumbu ya mahali mkono ulipokuwa, badala ya kusoma geji, ataumiza kimojawapo.

Barafu juu ya Ikweta

Rubani wa 206 anayeruka futi 9,500 kutoka Mombasa hadi Wilson anaweza kumaliza maisha yake bila kuona barafu kwenye bawa. Katika nchi yetu nyuzi sifuri iko karibu futi 16,000. PC-12 au TBM inakaa futi 24,000 hadi 28,000, ambako ni baridi ya nyuzi kumi na tano na zaidi chini ya sifuri, na vilele vya mawingu ya masika viko hapo hapo au juu yake. Ghafla joto la pitoti (mrija wa kupimia kasi), joto la propela, mipira ya mabawa ya kuvunja barafu na mlango wa hewa wa injini vinakuwa kazi ya kila safari. Vya joto na mlango wa hewa vinaandaliwa kabla ya kuingia winguni. Barafu ikishashika mdomo wa hewa na kubanduka, inakwenda moja kwa moja kwenye kompresa. Caravan haipandi huko mara nyingi, haina presha ya kabini, lakini inakusanya barafu haraka sana ikiguswa. Kwake dawa ni kubaki kimo cha chini au kugeuka.

Huko juu mafuta nayo yanapoa. Jet A-1 inaganda nyuzi 47 chini ya sifuri, ila maji yaliyomo ndani yake yanaganda mapema zaidi na kuziba chujio. Kitabu cha Caravan kinataka dawa ya kuzuia barafu ichanganywe, asilimia 0.10 hadi 0.15 ya ujazo. Unyevu wa Pwani unazidisha shida hiyo: tangi lililoachwa nusu tupu linatoa jasho usiku, maji yanakaa chini, na mahali Jet A-1 inapokutana na maji panaota ukungu mweusi unaonata. Chujua matangi kila asubuhi, na usiyaache matupu wiki nzima.

Kushuka nako ni hesabu nyingine. Pistoni iliyoko futi 9,500, ikishuka futi 500 kwa dakika kwa noti 140 (maili za baharini kwa saa), inahitaji maili 44 za baharini. Unaanza kabla kidogo ya usawa wa Mackinnon Road. PC-12 iliyoko futi 26,000, ikishuka futi 1,500 kwa dakika, inataka dakika 17, na kwa noti 260 hizo ni maili zaidi ya 70. Maana yake unaanza kushuka Voi ikiwa mkono wako wa kulia. Anayekumbuka akiwa Mariakani amechelewa, na sasa atauliza mizunguko juu ya bahari akiwa na abiria wanaokutazama.

Kutua, na changarawe

Ukirudisha mkono wa nguvu idle ukiwa juu, propela kubwa inalala bapa na kuwa breki. Pistoni huteleza, hii inaanguka. Njia ya Caravan ni kubeba nguvu kidogo hadi karibu na ardhi na kuiondoa polepole. Ukipungukiwa kasi ukiwa idle, kumbuka Ng inachukua sekunde kadhaa kupanda kabla ya nguvu kufika. Ndiyo maana idle ya juu ipo.

Nyuma ya idle kuna beta (propela imelala bapa) na rivasi (propela inasukuma kinyume), kwa ardhini pekee. Beta inafaa sana kupunguza mwendo wakati wa kuendesha, breki zinakaa muda mrefu. Rivasi ni ya lami. Kwenye viwanja vya murram vya Tsavo au Mara, ukiishikilia hadi mwendo unapokuwa mdogo, propela inavuta kokoto kutoka chini na kuzitafuna. Ncha za propela zinaliwa, mdomo wa hewa unakwanguliwa. Itumie mapema kasi ikiwa kubwa, iondoe kabla ndege haijawa ya mwendo wa baiskeli. Kwenye vumbi weka kitenganishi cha hewa kwenye bypass, nafasi inayotupa vumbi nje, kabla ya kugusa ardhi. Utapoteza torki kidogo, na utaokoa kompresa.

Maji ya jioni

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na Wilson, na ndipo ndege nyingi nzuri zinapofia kimya kimya. Uwanja wa Moi umezungukwa na mikono ya bahari upande wa Port Reitz. Ukunda ni hatua chache kutoka pwani ya Diani. Manda, karibu na Lamu, ni kisiwa. Chumvi iko kwenye hewa hiyo usiku na mchana, na turbini inavuta hewa nyingi kuliko mashine yoyote uliyowahi kumiliki.

Chumvi inafanya kazi mbili. Kwenye kompresa inajipaka juu ya vibapa, umbo lao linaharibika, hewa inapungua, na kwa torki ile ile ITT inakuwa juu nyuzi kadhaa kuliko mwezi uliopita. Hiyo inaoshwa ikatoka. Ya pili haioshwi. Sodiamu ya chumvi inakutana na salfa iliyomo kwenye mafuta, na katika joto la turbini vinatengeneza kitu kinachokula aloi ya nikeli. Kibapa kinavimba, kinachubuka kama rangi ya mashua ya zamani, kisha kinapoteza nyama. Mafundi wanaita salfidesheni. Haionekani bila kuingiza boroskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya injini, na ikishapita ngozi ya juu ya kibapa hakuna dawa ila kubadilisha.

Mtengenezaji wa PT6 anagawa mazingira. Ndege inayoishi kwenye chumvi daima inaoshwa kwa maji kila siku baada ya safari ya mwisho, kompresa na turbini. Inayogusa chumvi mara mojamoja inaoshwa kila wiki. Ndege inayolala Mombasa, Ukunda, Malindi au Manda iko kundi la kwanza, hata kama mwenyewe anapenda kujihesabu la pili.

Kazi yenyewe si ya siku nzima. Injini ipoe walau dakika 40. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanapasua. Mafuta yamekatwa, fyuzi ya ignisheni imevutwa nje, hewa ya kabini imefungwa. Bomba linaunganishwa kwenye pete ya kuoshea iliyoko mdomoni mwa kompresa, presha ya psi 30 hadi 50. Staata inazungushwa, Ng ikifika asilimia 5 hivi maji yanafunguliwa, na yanafungwa kabla ya kuachia staata. Mipaka ya sekunde 30 ni ile ile. Lita tano hadi kumi zinatosha. Turbini inaoshwa kwa mrija unaoingizwa kwenye tundu la kiwashio. Baadaye injini inawashwa kawaida na kupandishwa hadi Ng ya asilimia 80 kwa dakika moja au mbili ikauke. Kuosha na kuiacha na maji ndani usiku kucha ni kuikaribisha kutu.

Kosa la hapa kwetu ni maji. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, hata mgeni anaijua kwenye chai ya kwanza. Kuoshea injini maji hayo ni kuongeza ulichokuja kuondoa. Tumia yaliyotolewa madini, na uyapime, usiamini rangi ya mtungi.

Ukimaliza, ziba mdomo wa hewa na bomba la moshi, na ufunge propela kwa kamba. Kumbuka mihimili haijashikana: upepo wa kusi unaweza kuizungusha propela usiku mzima huku injini imezimwa na hakuna presha ya oili kwenye beringi zake. Ukiona Caravan iliyoegeshwa ikijizungusha polepole kama feni ya msikitini, mwenyewe analipa bila kujua.

Hesabu

Lycoming IO-540 inafunguliwa baada ya saa 2,000. PT6A-114A ni saa 3,600, na katikati yake, saa 1,800, sehemu ya moto inakaguliwa. Tuseme ufunguzi mkubwa ni dola 300,000 na ule wa katikati dola 40,000. Gawanya kwa saa 3,600: dola 83 na 11, jumla 94 kwa kila saa ya kuruka, kabla ya tone la mafuta. Pistoni ya dola 60,000 kwa saa 2,000 ni dola 30. Pesa hizo ziwekwe benki kila mwezi. Anayesema ataziona zikifika huishia kuuza ndege ikiwa na saa 3,400, na mnunuzi anajua kwa nini.

Mafuta yanategemea safari. Mombasa hadi Mara ni maili 310 hivi za baharini, Kilimanjaro ikibaki kushoto. 206 kwa noti 130 itachukua saa mbili na dakika ishirini na tatu, na lita 140 hivi za avgas. Caravan kwa noti 165 ni kama saa moja na dakika hamsini na tano, na karibu lita 390. PC-12 ikipanda juu itafika kwa saa moja na dakika ishirini na itatumia lita 350 hivi, yaani chini ya Caravan ingawa ina nguvu karibu maradufu. Turbini inapenda kimo. Ishushe hadi futi 3,000 kwa ajili ya Diani na Malindi, na itakunywa mafuta mengi zaidi kwa kasi ndogo zaidi, huku ukihesabiwa kuwasha na kuzima kila dakika ishirini. Kwa mtu ambaye safari zake haziendi mbele ya Lamu, pistoni iliyotunzwa bado ndiyo ndege sahihi, na hilo wauzaji hawatakuambia. Anayeruka chini ya saa 150 kwa mwaka naye atafute wenzake wawili wa kumiliki pamoja. Kutu ya kukaa itaimaliza injini kabla ya saa kuimaliza.

Leseni ni karatasi: KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, iandike ndege hiyo kwenye leseni yako baada ya masomo na mtihani wa kuruka. Bima ndiyo mwalimu mkali zaidi, nayo mara nyingi itadai simuleta na saa 25 hadi 50 ukiwa na rubani mzoefu pembeni. Usizipunguze kwa kujadiliana. Simuleta ndiyo mahali pekee unapoweza kuunguza turbini mara kumi kwa siku, ukajifunza kuacha staata izunguke.

Kabla ya kulipa amana, boroskopu iingizwe na fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji. Omba rekodi za mwenendo wa injini: ITT, Ng na mafuta kwa torki ile ile, mwezi baada ya mwezi. Mstari unaopanda taratibu unasema kompresa chafu au sehemu ya moto iliyochoka. Uliza nozeli za mafuta zilibadilishwa lini, maana moja inayomwaga mstari badala ya ukungu inaunguza kibapa kimoja mahali pamoja. Kama ndege ilikaa Pwani, taka daftari la kuosha lenye tarehe na sahihi. Likiwa halipo, punguza bei kana kwamba sehemu ya moto ni ya kubadilisha yote, na ukikataliwa, acha ndege iende.